Msiba Usio na Marehemu

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga, wakioa na kuzikana kama sisi, palikuwa na kijiji chenye njia moja tu ya kupitishia chakula. Njia yenyewe ndefu, imepindapinda. Kando yake Fuko, mzaliwa wa papo hapo, akaanza kuongeza nyumba yake. Tifu! Tifu! Tifu! Udongo ukafura, ukaila njia.

Bi Nguchiro alikuwa na watoto wanne, na kila siku chakula kilichopita kilikuwa kidogo kuliko cha jana. Akaenda kwa Nyati, mkuu wa walinzi.

"Bwana Nyati, Fuko anatuzibia njia!"

"Niachie mimi!" Nyati akabeba mkuki wake, gu! gu! gu!, akaondoka.

Hakurudi. Bi Nguchiro akamtuma mlinzi mwingine, Kifaru. Wapi! Akamtuma Nyumbu. Kimya.

"Jamani, wamemezwa?" Akajifunga kanga kiunoni, akaenda mwenyewe.

Alichokikuta kilimchosha roho. Mbele ya nyumba ya Fuko mkeka umetandikwa, mikuki imelazwa chini, na walinzi wote wamekaa, mashavu mikononi. Fuko yuko mlangoni, kajitanda shuka. "Uwiii! Karibuni, ndugu zangu. Kaeni."

"Bwana Nyati! Unafanya nini hapa?"

"Sss! Pana msiba. Msibani hapashikwi mkuki."

"Leo siku ya ngapi?"

"Ya arobaini na tatu," akajibu Kifaru, akimalizia kahawa.

"Matanga huwa ya siku tatu! Na huko ndani, tifu tifu hiyo ni ya nini?"

"Wanawe wanachimba kaburi."

"Siku arobaini na tatu, kaburi moja?"

"Labda marehemu alikuwa mnene," akasema Nyumbu.

"Marehemu gani? Nani kafa?"

Nyati akamtazama Kifaru. Kifaru akamtazama Nyumbu.

"Mimi nilimkuta mwenzangu kakaa, nikakaa," Kifaru akasema. "Mfiwa haulizwi, Bi Nguchiro. Ni utovu wa adabu."

"Wanangu hawajala tangu juzi, nyie mnaniletea adabu!" Machozi ya hasira yakamtoka. Akamgeukia Fuko. "Pole, baba. Umefiwa na nani?"

Fuko akakohoa. "Na... na shangazi."

"Jina lake?"

"Uwiii! Uwiii!"

"Basi! Matanga yameanuliwa! Inukeni!"

Kwa mila yao, matanga yakianuliwa kila mtu hurudi kazini kwake. Walinzi wakainuka, wakaokota mikuki, wakaibomoa nyumba ya Fuko, puu! Kaburi halikuwemo. Vilikuwemo vyumba sabini, vimejaa wana wa Fuko na chakula cha kijiji kizima. Fuko na wanawe wakafukuzwa, njia ikafunguka.

Nyati akajifuta vumbi. "Lakini Bi Nguchiro, ungetuambia mapema!"

Bi Nguchiro akajitwika chakula chake. Akaenda kuwapikia wanawe.

Nanyi wanangu, mkikuta mkeka wa msiba, toeni pole, kisha muulize aliyekufa ni nani.