Kiboko Aliyetaka Lebo Kubwa

Paukwa!
*Pakawa.*
Uzi upo?
*Upo.*
Na sindano je?
*Tumeiazima kwa jirani.*
Basi sogeeni karibu, tutunge uzi kabla jirani hajaidai sindano yake.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanavaa nguo, kipupwe kilikuwa kikali kuliko cha siku hizi. Kilivuma fyuu, fyuu, hata Kobe akatamani gamba la pili. Kwa hiyo kila mwaka, kabla baridi haijaingia, wanyama walichuma pamba wakampelekea Bi Mnana.

Bi Mnana ni yule ndege mdogo wa manjano anayejulikana kwa kufuma viota. Alifuma kwa mdomo, chwi-chwa, chwi-chwa, akashona kwa miiba ya Bi Nungunungu, jirani yake. Shati likiisha, alishona ndani ya ukosi, pale kwenye kisogo, lebo ndogo ya kufumwa yenye alama ya mwenye shati. Alama ya Digidigi ilikuwa ukwato mmoja. Ya Kanga ilikuwa madoa matatu. Lebo yenyewe haikuzidi jani la mkwaju. Aliyeuliza kwa nini ni ndogo hivyo alijibiwa kwamba lebo nzuri huonwa na anayeitafuta, na haimwashi aliyeivaa.

Shuka zilikuwa na desturi yake. Shati lina mvaaji mmoja, lakini shuka leo hujifunika huyu, kesho yule. Kwa hiyo kila shuka, kwenye pembe ya upindo, ilitiwa alama ya mfumaji: kwa Bi Mnana ilikuwa kitone kimoja cha manjano. Hakuna aliyeibishia desturi hiyo, wala hakuna aliyeiwaza sana.

Mwaka huo Kiboko akatoka mtoni. Puu, puu, puu. Akafika kwenye mti wa Bi Mnana, akakuta mashati thelathini yamepangwa, yanangoja lebo tu. Kiboko hakuwa na shati. Hakuna ukosi uliowahi kumwenea. Akayatazama, akayanusa, akasema kwamba pamba iliota ukingoni mwa mto, na mto ni wake, basi mashati yote ni yake. Atayatandika kwenye tope, alalie.

Chini ya mti alikuwapo Bi Digidigi, aliyejifungua siku tatu tu zilizopita. Mtoto wake alikuwa akitetemeka, ti-ti-ti-ti. Shati lake lilikuwa juu kabisa ya fungu, dogo kuliko yote, na kipupwe kilikuwa kimebakiza siku nne. Bi Digidigi akamtazama Kiboko miguu, akamsogeza mtoto nyuma yake.

Bi Mnana hakubishana. Mwenye uzito wa nyumba akisema kitu ni chake, heri kwanza umwulize atakijuaje.

"Bwana mkubwa," akasema, "watu watajuaje kuwa ni mashati yako?"

"Nitawaambia."

"Na ukizama?"

Swali lile lilimwingia Kiboko, nami simlaumu. Ukiishi majini miaka yote, watu wakakujua kwa matundu mawili ya pua, nawe utatamani siku moja alama yako ionekane.

"Nifumie lebo," akasema mwishowe. "Matundu mawili ya pua. Uishone juu ya nguo hizi."

Bi Mnana akakubali. Akamwomba jambo moja tu, atangaze mwenyewe mbele ya watu, wasije wakabisha baadaye. Kiboko akapenda, maana sauti anayo. Akapanda kichuguu, akatangaza kwamba tangu siku hiyo kila nguo ni ya yule ambaye alama yake imeshonwa juu yake, na atakayeigeuza sheria hiyo atakanyagwa. Wanyama wakaitikia, kwa kuwa kichuguu kilikuwa tayari kimekwisha kukanyagwa.

Siku ya pili akaja. Puu, puu, puu. Bi Mnana akamwonyesha lebo ya ukubwa wa jani la mkwaju.

"Ndogo," akasema Kiboko. "Ongeza."

Bi Mnana akamweleza kuwa lebo ya ukosi haitakiwi kuwa kubwa, kwamba ikizidi huvuta shingo. Kiboko akasema shingo ya kuvutwa yeye hana. Haya, chwi-chwa, chwi-chwa.

Siku ya tatu akaja. Puu, puu, puu. Lebo ilikuwa ya ukubwa wa jani la mgomba.

"Ndogo," akasema Kiboko. "Ongeza."

Bi Mnana akamweleza kuwa lebo hiyo imeshapita shati la mtoto wa Digidigi mara kumi, haina pa kushonwa. Kiboko akafikiri. Kisha akasema basi ifumwe lebo moja tu, ya kufunika mashati yote thelathini kwa pamoja. Akajisifu kwamba wazo hilo ni lake mwenyewe, na kweli lilikuwa lake. Haya, chwi-chwa, chwi-chwa.

Siku ya nne akaja. Puu, puu, puu. Lebo ilitandazwa kwenye majani kama uwanja, na katikati matundu mawili ya pua, kila moja kama kinu.

Kiboko akaizunguka. Akaizunguka tena. Safari hii hakusema ndogo. Akauliza mbona kingo zake zinachambukachambuka nyuzi.

"Haijakunjwa upindo," akasema Bi Mnana. "Lebo haina upindo, bwana mkubwa. Nikuulize mara ya mwisho. Hutaki ile ya jani la mkwaju?"

"Kunja upindo. Pande zote nne."

"Nikunje?"

"Wewe mwanamke, kazi yako kushona au kuuliza?"

Kwa hiyo Bi Mnana akashona. Na mumjue vizuri: katika siku zote hizo hakumdanganya hata mara moja. Alimshauri, akakataliwa, akamshauri tena, akakataliwa tena. Akakunja upindo pande zote nne. Akafuata na desturi, kisha akaitandika juu ya mashati. Halafu akainua pembe, akaingia chini ya lebo ile kubwa, akamaliza kazi aliyoachiwa na wateja wake. Kiboko hakuuliza chochote kuhusu kosi.

Siku ya tano kipupwe kikaanza. Fyuu, fyuu. Wanyama wakakusanyika chini ya mti, wameshikana mabega. Mtoto wa Digidigi alikuwa ameacha kutetemeka, na hilo lilimtisha mama yake kuliko kutetemeka kwenyewe.

Kiboko akaja, akawaonyesha fungu. "Kuna asiyeiona lebo yangu?"

Hapakuwa na asiyeiona.

Bi Nungunungu akajivuta mbele, miiba ikisema cha-cha-cha. Ulimi wake nao ulikuwa na miiba. "Mwanangu Kiboko, mimi nimeuza sindano tangu mama yako hajajua kuogelea. Kitu kilichokunjwa upindo pande nne, kikafunika nguo za wazazi na watoto, huku kwetu si lebo. Ni shuka."

Watu wakaangalia chini. Kiboko akavimba. Halafu, polepole, uso wake ukakunjuka, kwa sababu hajawahi kumiliki shuka.

"Ndiyo," akasema. "Ni shuka. Kubwa kuliko shuka zote mlizowahi kuona."

"Watu wote wamesikia?" akauliza Bi Mnana.

Watu wote walikuwa wamesikia.

Bi Mnana akaruka, pru, akatua kwenye pembe ya shuka, akaigeuza kwa mdomo. Kwenye upindo kulikuwa na kitone cha manjano, kidogo kama punje ya ulezi.

"Pua imefumwa tu, haikushonwa; alama iliyoshonwa kwenye shuka ni ya mfumaji," akasema. "Na nguo ni ya yule ambaye alama yake imeshonwa juu yake. Si mimi niliyesema."

Akalivuta shati la kwanza kutoka chini ya shuka, akaugeuza ukosi. Ukwato mmoja. Akalivuta la pili. Madoa matatu. Akavuta, akageuza, akavuta, akageuza, na kila ukosi ulikuwa na lebo ya jani la mkwaju, na kila lebo ilikuwa na mwenyewe.

Kiboko akanguruma kwamba sheria imebadilika. Kisha akakumbuka aliyoyasema juu ya atakayeigeuza. Akainua mguu wa mbele. Akautazama. Akautazama mguu wa pili. Akahesabu ni upi uukanyage upi, hesabu ikamshinda, akaushusha.

Bi Digidigi hakungoja mwisho. Alikwisha kumvika mwanawe, na wote walikuwa wakimtazama. Fyuu, fyuu, upepo ukapita. Kisha mtoto akatetemeka kidogo, ti. Kisha akapiga chafya. Mama yake akaketi chini palepale kama aliyetuliwa mzigo wa kuni, na uwanja mzima ukashusha pumzi.

Kiboko alikuwa ameanza kurudi mtoni, mgongo umelowa umande, uko wazi kwa baridi. Bi Mnana akamwita.

"Bwana mkubwa, shuka ni yangu. Lakini mimi itanienea wapi? Nakuazima."

Kiboko akarudi, akajifunika. Ilimwenea. Ilikuwa nguo ya kwanza kumwenea maishani. Akatembea nayo kipupwe kizima, juu na chini ya mto, na kila aliyekutana naye aliuliza kazi nzuri hiyo ni ya nani. Kiboko hapendi kuulizwa mara mbili, basi alikuwa akigeuza pembe na kuonyesha kitone cha manjano. Mwaka uliofuata Bi Mnana alipata wateja kutoka ng'ambo zote mbili.

Sasa funzo. Ukienda kwa fundi, agiza lebo kubwa kabisa. Ukishauriwa ndogo, kataa. Ukishauriwa tena, kataa kwa sauti, na udai upindo. Hivyo ndivyo heshima inavyopatikana, na wafumaji nao wana watoto.

Hadithi yangu imefika kwenye upindo. Ikiwakaa vizuri, vaeni mwende nayo. Ikiwabana, nirudishieni niifumue. Na sindano ya watu irudisheni.