Nyasi za Katikati

Mzee mmoja wa huko nyanda za juu alikuwa na watoto wawili na shamba moja lililolala mteremkoni. Mkubwa alikuwa wa kiume, Ambakisye. Mdogo alikuwa wa kike, Tusekile, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe. Mzee alipoona siku zake zinakwisha, aliwagawia shamba kwa mdomo tu: huku kwako, kule kwa mdogo wako. Kisha akafa. Matanga hayajaanuliwa, watoto wakaanza kubishana huku kunaishia wapi na kule kunaanzia wapi.

Ubishi wenyewe ulikuwa juu ya ukanda mwembamba uliopanda kutoka bondeni na kupita katikati ya nyumba zao mbili. Wakaenda baraza la kijiji. Wazee waliwasikiliza, wakakohoa, wakasema hapo katikati asiguse mtu mpaka watakapokaa tena. Hawakukaa tena. Mnawajua wazee wa mabaraza.

Sasa, katika nchi ile desturi ni kwamba anayefyeka ndiye mwenye mahali. Ukipiga panga mara moja tu, umeshadai. Kwa hiyo Ambakisye alifyeka upande wake mpaka ukingoni, akasimama. Tusekile naye alifyeka mpaka ukingoni, akasimama. Msidhani walikuwa wavivu. Kijiji kizima hakikuwa na nyua safi kama zao. Kila kiangazi walikwangua majani kuzunguka nyumba mpaka udongo uonekane, kama baba yao alivyowafundisha, ili moto kichaa ukija ukose cha kula. Lakini pale katikati nyasi zilimea zikampita mtu kimo. Zikakauka zikiwa zimesimama, huku zimeegemea jiko la Ambakisye, huku zinagusa majani ya paa la Tusekile. Kila mmoja aliziona. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aziguse, apate la kusema.

Na walipendana! Hilo ndilo linaloniuma kila ninapowasimulia watu habari hii. Ambakisye alipolala na homa, Tusekile alimpikia uji, akaubeba mwenyewe, akazunguka nao kwa barabara kubwa, maana kupita katikati kungeleta maneno. Uji ulifika umepoa. Ambakisye akaunywa wote, akasema mtamu. Mama yao alikuwa hai bado, miguu haimbebi tena, akiishi kwa binti yake. Ambakisye akitaka kumsalimia alizunguka njia hiyohiyo, na kwa kuwa ilikuwa ndefu, akaanza kwenda mara chache. Mama alikuwa akisikia mwanawe akikohoa ng'ambo ya nyasi, wala hamwoni.

Kiangazi kimoja watu waliokuwa wakiwinda panya walichoma majani upande wa pili wa bonde, kisha upepo wa mchana ukawanyang'anya moto wao. Moto huo siupi jina; kila mmoja wenu anaujua wa kwake. Ulivuka bonde, ukaanza kupanda mteremko. Ulipofika kwenye viazi vilivyopaliliwa ulikosa njia. Ulipofika kwenye nyua zilizokwanguliwa ulikosa njia. Ukaikuta njia moja tu iliyoachwa wazi, ukaingia.

Ambakisye alitoka mbio na panga mkononi. Tusekile alitoka mbio na fyekeo. Wakafika kwenye nyasi kwa wakati mmoja, huyu upande huu, huyu upande ule, na mtaona ajabu nikiwaambia walichofanya. Walisimama. Moshi unawaingia machoni, wanakohoa, na miguu imegoma ukingoni, kwa kuwa ilikuwa imezoea kuishia pale.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya mlango, anatazama. Tusekile akageuka akamwona. Peke yake angeweza kumbeba mama au kuokoa nyumba, si vyote viwili. Na nyumba ile ndiyo iliyokuwa na mahindi ya mwaka mzima, na ndiyo pekee aliyokuwa nayo mjane yule duniani. Hapo akalia kwa sauti kama mtoto.

"Pachukue pote, kaka! Ni pako! Njoo tu tumwokoe mama!"

Ambakisye akaingia katika nyasi. Hakufyeka kwanza, alizipasua kwa kifua mpaka akatokea upande wa pili, akapiga magoti mbele ya mkeka, akamweka mama mgongoni. Mama akamshika mabega kwa vidole vyake, akayapapasa. Moto unanguruma kule chini, naye akamwambia sikioni, "Umekonda, mwanangu." Ambakisye alimkimbiza hadi kwenye viazi, akamlaza kwenye matuta, akarudi huku machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

Kisha wakafyeka. Muda haukutosha kuokoa pande zote mbili, na wote wawili walilijua hilo. Ambakisye alianzia kwenye ukuta wa dada yake. Huyu anakata, yule anaburuta nyasi na kuzitupa mbali, wanabadilishana panga na fyekeo bila kuombana, mpaka wakaufikia udongo. Moto ulikuja, ukatafuta paa la Tusekile, ukalikosa. Ukageukia upande wa pili, ukala jiko la Ambakisye na kila kilichokuwamo. Majirani walipofika na matawi mabichi waliuzima hapo, kabla haujashika nyumba yake.

Wiki iliyofuata wazee wa baraza wakakumbuka kukaa. Wakaja na fimbo zao kupima. Waliwakuta Ambakisye na Tusekile wanalima kwenye majivu, na mama kando yao amejifunika khanga, anawaelekeza mistari inavyopinda. Wazee wakauliza, haya, hapa ni pa nani? Ambakisye akamwonyesha dada yake kwa kidole. Tusekile akamwonyesha kaka yake. Wazee wakasema hawajawahi kuamua kesi ya namna hiyo, wakaondoka.

Sitawadanganya kwamba tangu siku ile hawakugombana. Waligombana sana, kuhusu kuku. Lakini waligombana wakiwa wamesimama uwanja mmoja, mama anawasikia, na mwishowe anawacheka.

Nawe uliyefagia uwanja wako vizuri hata watu wakausifu, zile nyasi zilizo kati yako na ndugu yako, unangoja moto ndio uje uzifyeke?