Jiwe Alilolisugua Mghoi

Sogeeni karibu, na mlango ufungwe, maana ninayemtaja husikia.

Paliondokea zimwi la upepo lililokuwa likibeba wasichana. Bibi mmoja akachimbua jiwe jeusi mlimani, akamfungia mjukuu wake Wakio mguuni. Akamwonya Mghoi, mama wa msichana: "Liache hivi hivi na makwaruzo yake. Ndiyo yanayoshika ardhi."

Zimwi likaja, likavuma: "Wakio, njoo!" Wakio hakuinuka. Likarudi: "Wakio, njoo!" Hakuinuka.

Siku ya harusi Mghoi akaona haya. "Mwanangu aolewe na kokoto chafu mguuni? Wakwe watasemaje?" Akalisugua kwa mchanga asubuhi nzima, mpaka likang'aa kama jicho.

Zimwi likaja mara ya tatu. "Wakio, njoo!"

"Mama, nishike!"

Mkononi mwa Mghoi kikabaki kiatu.

Akakimbilia mlimani akilia: "Nichukue na mimi!" Zimwi likamvuta, likamvuta, likamvuta. Hakuinuka hata unyayo. Vumbi jeusi la lile jiwe lilikuwa limemwingia viganjani, na halikutoka tena.

Hadithi yangu inaishia hapo mlimani. Yeye bado yupo, amesimama.