Herufi za Mzee Senkondo

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sogeeni, wenye watoto wapakateni. Hadithi ya leo haina kicheko.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha milimani, paliishi mzee Senkondo na mkewe, Nakunda. Mtoto wao mmoja, Mbazi, walikuwa wamemzika zamani, lakini jina walibaki nalo: yeye Baba Mbazi, mkewe Mama Mbazi.

Kando ya kanisa palikuwa na chumba cha mawe, na ndani yake mtambo wa kuchapa. Wageni walioleta mtambo ule walirudi kwao, ufunguo wakamwachia Senkondo. Basi kazi yake ikawa moja: kuchapa Biblia.

Herufi zake zilikuwa za risasi, madini yaleyale ya risasi za bunduki, ndogo kama punje za mtama. Aliziokota mojamoja, akazipanga. Tik, tik, tik. Akazipaka wino, akalaza karatasi, akavuta mpini kwa uzito wake wote. Kwaaa... pu! Ukurasa ukatoka.

Na ukurasa gani! Safu mbili zimesimama kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Pembeni kumeachwa nafasi pana, nyeupe. Na pale sura inapoanza, herufi moja kubwa, nyekundu, aliyoichonga kwa mti, imezungukwa na mmea wa maboga unaotambaa, majani na maua yake. Nakunda alizianika kurasa kwenye kamba, akasimama kuzitazama mpaka ugali ukaungua.

Wazee wa kanisa walinung'unika. "Senkondo, karatasi unaimaliza kwa weupe! Bananisha maneno, tupate kitabu upesi."

Akawajibu, "Mgeni akija kwako, unamkalisha mlangoni? Neno limekuja kwetu. Mimi nalitandikia."

Wakaondoka. Naye akarudi kwenye herufi zake. Tik, tik, tik.

Siku moja Nakunda alianika ukurasa kichwa chini. Hakujua. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, naye alikuwa anaficha. Senkondo aliuona ukurasa ule. Akaugeuza taratibu, akaenda kwenye kisanduku cha herufi kubwa kuliko zote, akaanza kupanga Zaburi upya.

"Baba Mbazi, mbona herufi kubwa hivi?"

"Nataka usome mwenyewe, Mama Mbazi. Mpaka mwisho."

Nakunda akageukia ukuta, akalia kimyakimya.

Kabla ukurasa wa kwanza wa Zaburi hiyo haujachapwa, vita vikaja. Askari wakapanda mlima, puu, puu, puu, kiongozi wao mbele. Akasimama uwanjani.

"Nataka risasi."

"Hatuna bunduki, bwana."

"Sikuuliza bunduki. Nimeambiwa hapa kuna risasi masanduku kwa masanduku."

Hakuna aliyekitazama chumba cha mawe. Basi yule kiongozi akaamuru vijana wafungwe kamba shingoni, wapelekwe vitani. Mama zao wakapiga yowe. Mlima mzima ukaitikia.

Nakunda aliushika mkono wa mumewe. Mumewe akauchomoa taratibu. Hapo Nakunda akajua kwamba atazitoa herufi.

"Wafungue," alisema Senkondo. "Risasi ninazo mimi."

"Senkondo!" mmoja wa wazee wa kanisa alimnong'oneza. "Hiyo ni Biblia!"

"Na hawa ni wana wenu. Wangu nilishamzika, najua uchungu wake."

Akamgeukia kiongozi. "Naomba kitu kimoja. Nina ukurasa tayari umepangwa. Niache niuchape, mnapokoka moto."

Yule mtu akamtazama mzee, akamtazama mkewe mwenye macho ya ukungu. "Fanya haraka."

Senkondo akauvuta mpini siku ile kwa nguvu kuliko siku zote. Kwaaa... pu! Herufi zikaingia mwilini mwa karatasi. Akampa Nakunda ukurasa, kisha yeye mwenyewe akabeba masanduku mpaka motoni.

Herufi zikamiminwa chunguni. Chwaaa! Zilielea kidogo, bado zinasomeka. Kisha zikalegea, zikashikana, zikawa maji yanayong'aa. Senkondo alisimama mpaka ya mwisho ikazama. Vijana wakafunguliwa.

Tangu siku ile, bunduki zilipolia ng'ambo ya bonde, Senkondo aliacha alichoshika, akainamisha kichwa.

"Unasikiliza nini, Baba Mbazi?"

"Zaburi, mke wangu."

Alijaribu kuchonga herufi za mti, lakini vidole vilikuwa vimechoka. Masika hayakuisha, Senkondo akafa. Vijana waliofunguliwa kamba ndio waliomchimbia kaburi.

Macho ya Nakunda yakapofuka kabisa. Akabaki na ukurasa wake. Aliulaza magotini, akapitisha kidole kwenye vishimo vya herufi, akasoma. Kila siku ukurasa uleule. Mwisho vishimo vikalainika, karatasi ikawa kama ngozi ya mtoto, asiweze kusoma tena.

Amani iliporudi, kijiji kikanunua Biblia kutoka mbali. Mmoja wa vijana wale, Mrutu, akamletea. Nakunda akaifungua, akapapasa. Laini. Akafunua tena, akapapasa. Laini.

"Herufi ziko wapi, mwanangu?"

"Zimo, mama. Ni ndogo, hazishikiki."

Nakunda akamrudishia kitabu. "Basi nisomee wewe."

Mrutu akasoma, anajikwaa, shingoni bado ana alama ya kamba. Nakunda alisikiliza huku machozi yanamtiririka, na hakuyafuta.

Wasikilizaji wangu, mkishika kitabu kizuri msikimbilie kufunua. Kitazameni kwanza. Kuna mkono ulipanga kila herufi. Na mkiwa hai leo, kumbukeni kwamba kuna mtu alikiachilia alichokipenda ili nyinyi mrudi nyumbani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye na machozi ayafute, aliye na mzee nyumbani aende akamsalimu.