Gunia Ndani ya Chemba

Sogeeni karibu, ila kila mtu amtupie jicho jirani yake, maana haya yaliwapata majirani.

Mtaa wa Kichangani ulikuwa na watatu wenye vipaji. Sikudhani alikuwa na pua: uji ukiungua nyumba ya kumi, anajua. Mzee Mbaruku alikuwa na kumbukumbu, maana ujanani alichimba mitaro ya majitaka ya mji mzima. Nyamizi, fundi wa visima, alikuwa na roho ngumu. Hakuna shimo asiloingia.

Mji ukafura watu. Likaletwa bomba jipya la majitaka, pana, liungwe na lile la zamani. Kumbe la zamani limeziba, na hakuna ajuaye wapi. Injinia wa bomba hilo akatangaza: "Atakayelizibua, nyumba yake naiunga wiki hii. Wengine watasubiri mwakani."

Sikudhani moyo ukamlipuka. Choo chake kilikuwa kimejaa pomoni, na bwana afya alishasema Ijumaa nyumba inafungwa. Angempeleka wapi mama yake asiyeinuka kitandani? Tena Mbaruku na Nyamizi walikuwa na onyo lile lile, kwa hiyo hakuwaamini hata chembe.

Alhamisi asubuhi Sikudhani akanusa barabara nzima, akasimama mbele ya kinyozi. "Ni hapa. Harufu imetuama."

Wakachimba, wapi! Udongo mtupu. Mzee Mbaruku akakohoa. "Hapa tulikwepa mwamba, bomba likapiga kona. Sogeeni hatua nne." Wakasogea, wakakuta mfuniko wa chemba, shimo la kuingilia bomba, umefukiwa, udongo wake bado laini.

Nyamizi akajifunga kamba kiunoni, akazama. Aliibuka na gunia la mchanga, na majitaka yakaondoka kwa kishindo. Vigelegele!

Vikakatika ghafla. Gunia lilikuwa limefungwa mdomo, mafundo mawili.

"Hili halikujileta," Injinia akasema. "Kuna mtu kaliweka."

"Bi Sikudhani," Nyamizi akauliza, "pua gani hiyo isiyokosea?"

"Na wewe ulilipapasa mara moja tu ukalipata! Halafu mzee naye, eti hatua nne, si tatu wala tano!"

"Astaghfirullahi! Mnanisingizia uzeeni?"

Sikudhani alijua hakuliweka yeye. Lakini harufu ile aliisikia tangu Jumatatu, kabla ya tangazo, akanyamaza aone kama kutakuwa na zawadi. Aibu ikamshika. Kisha akawaza: kama mimi nilinyamaza, hawa je?

"Mimi nina kiungo kimoja tu cha kuunga nyumba wiki hii," Injinia akasema. "Kubalianeni."

Hakuna aliyekubali. Bila pua wasingejua pa kuanzia, bila kumbukumbu wangechimba hadi leo, bila Nyamizi gunia lingali humo. Na huenda mmoja wao ndiye aliyeliweka. Bwana afya anakuja kesho na kufuli moja kwa kila nyumba.

Haya, nyie mnaonitumbulia macho, bomba liende mlango gani?