Dawa ya Fisi Haikosei

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Waliokunywa dawa ya Fisi wakapona, wapo?"

"Wapo!"

"Waliokunywa wakafa, wanasemaje?"

"Kimya!"

Basi anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele kuna kilio. Hapo kale maradhi yaliingia mwituni. Fisi akachemsha mizizi michungu, akaitia kibuyuni, akajiita mganga. Mgonjwa akipona, Fisi husema, "Dawa imeponya!" Mgonjwa akifa, Fisi husema, "Hakuamini!" Na waliokufa alijitolea kuwazika mwenyewe. Alinenepa huyo!

Nguchiro, mama mwenye mwili mdogo, alikuwa amempoteza mume na binti kwa dawa ile. Sasa kitinda mimba wake kashikwa na homa, na majirani wanamhimiza ampeleke kwa mganga. Akaenda naye, moyo unamuuma, wanyama wote nyuma yake.

"Mganga, dawa ikikosea tutajuaje?"

"Haikosei."

"Mwanangu akipona?"

"Dawa imeponya."

"Akifa?"

"Hakuamini."

"Basi kunywa nawe tukuone. Ukinywa wewe, ukoo wangu wote utakunywa."

Ukoo mzima! Mate yakamdondoka Fisi, do, do, do! Akaingia pangoni, akatoka na vibuyu viwili: cha mtoto kina dawa, chake kina maji matupu.

"Mganga, ule kule si mzoga?" Nguchiro akauliza.

Fisi akageuka. Nguchiro akavibadilisha vibuyu, chap!

Fisi akanywa kwa maringo, gulu, gulu, gulu. Uchungu aliusikia, lakini wanyama wote wanamtazama. Mganga atatemaje dawa yake? Akamaliza. Puu! Chali. Mtoto naye akanywa maji, na kulipokucha homa ikamtoka.

"Mmeona?" Nguchiro akawaambia wanyama. "Ile ni sumu! Mwanangu alikunywa maji!"

Wanyama wakatazamana. Swala akasema, "Mtoto kanywa, kapona. Dawa imeponya!"

"Na Fisi je?"

"Hakuamini!" wakaitika wote.

Nguchiro akavipasua vibuyu, pwaa! Wakampiga mawe kwa kuharibu dawa. Akambeba mwanawe, akahama analia. Nyuma yake akasikia majembe, chaka, chaka, chaka. Walikuwa wanachimba mizizi.

Funzo? Watoto, msiulizeulize. Aliyeuliza alifukuzwa kwao. Walioamini hawakufukuzwa na mtu, wamelala palepale mpaka leo.

Na ngano yangu haikosei. Ukiiona tamu, imeponya. Ukiiona chungu, hukuamini.