Manundu ya Bwana Baldo

Anayemtegea mwenzake njiani na akumbuke kwamba njia hiyo naye ataipita. Bwana Baldo, tajiri wa sufu pale Firenze, hakukumbuka. Ng'ambo ya kichochoro chake aliishi mjane Nencia, mwenye tanuri la mikate ambalo Baldo alilimezea mate siku nyingi. Mjane alikataa katakata kuliuza. Basi Baldo alipojenga ukuta mpya upande wake wa kichochoro, alimwita mwashi.

"Mawe usiyalainishe," alimwagiza. "Yaache na manundu, yatokeze nje kama ya majumba ya wakubwa. Punda wa yule mama asipite na kuni!"

"Lakini kichochoro chenyewe chembamba, bwana."

"Ndiyo raha yake!"

Yakatokeza kweli. Ikawa Nencia anashushia kuni barabarani na kuzibeba mgongoni, huku Baldo akimcheka mpaka machozi.

Siku ya harusi ya bintiye Lapa ikawadia. Sanduku la bi harusi, pana kama kitanda, lilikuwa limeundwa na kupakwa dhahabu mle mle chumbani. Wapagazi walitoka nalo, wakapiga hatua chache, kwaa! Likanasa kati ya manundu na ukuta wa Nencia. Wakaliinua, wakalilaza ubavu, wapi!

"Sanduku lisipopita mbele za watu, hakuna harusi," akafoka mjomba wa bwana harusi. "Sisi hatuchukui mke kimyakimya kama wezi."

Lapa akaangua kilio. Baldo, jasho likimtiririka, akamgeukia Nencia aliyesimama mlangoni pake.

"Jirani, nakusihi, tuumegemege ukuta wako kidogo tu."

"Wangu? Wangu umetokeza hata kidole?" Nencia akaingia ndani, akatoka na nyundo. "Shika, ya marehemu mume wangu. Jikaze, baba, mwana analia!"

Waashi wote walikwisha kulewa karamuni. Baldo akakunja mikono ya joho lake la hariri, akaanza kuyavunja manundu aliyojivunia, na mtaa mzima ukimpigia makofi kwa kila pigo. Hatimaye sanduku likapenya, na Lapa akalifuata akicheka na kulia.

Baba wa bwana harusi, aliyekuja kuangalia kulikoni, akamkuta mtu mweupe pepepe kwa vumbi. Hakumtambua.

"Ahsante, fundi, umetuokoa," alisema akimpiga bega. "Hebu niambie, mpumbavu gani aliyejenga ukuta huu?"

Baldo akainamisha kichwa. "Mimi, mkwe wangu."

Hakika, mchimba kisima huingia mwenyewe.